Gari la Mama Likifika Themanini

Mama yangu alijifunza kuendesha gari akiwa mjane. Baba alipofariki, gari lake lilibaki uani kwetu Kinyerezi likipigwa jua, na kila aliyekuja kutoa pole alitoa na ushauri: liuzwe mapema, kabla matairi hayajaoza. Mama aliwasikiliza wote, akawapa chai, akawasindikiza mpaka getini. Msiba ulipokwisha akaenda kujiandikisha chuo cha udereva. Akakaa darasani na vijana wenye umri wa wajukuu zake, akachekwa, akacheka nao, akarudi na leseni. Nilipomuuliza nguvu zile alizitoa wapi, alinijibu kwamba mtu aliyezalisha wanawake kwa mwanga wa chemli katika zahanati ya bara hawezi kushindwa na klachi.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la siku nyingi, rangi yake ya krimu imechujuka kama shuka la hospitali. Tangu mama alishike, hakuna mwingine aliyeliendesha, ukiacha mafundi. Kaka yangu aliwahi kukaa kwenye kiti cha dereva ili alisogeze lipishe lori la maji, na kabla hajafunga mlango mama alikuwa ameshasimama dirishani akimwambia, “Asante mwanangu, shuka sasa.” Mie nina leseni na siku hizo nilikuwa naendesha gari la ofisi kila siku, lakini kwa mama nilikuwa abiria tu, tena abiria wa kuambiwa asiguse redio.

Hakustaafu uuguzi kwa maana ya kukaa. Alistaafu mshahara. Wasichana waliojifungua Gongo la Mboto na Kipawa walikuwa wanampigia simu: mtoto hanyonyi, kitovu hakikauki, mama mkwe anataka kumpa mtoto maji. Anawasha gari, anakwenda. Majirani aliwapeleka kliniki. Jumamosi alikwenda Vikindu kwenye shamba lake la mihogo na minazi michache, akarudi na gunia ambalo aliligawa mtaa mzima. Sisi watoto tulizoea kumwona akipita, mgongo umenyooka, miwani puani, mikono yote miwili juu ya usukani kama alivyofundishwa. Nilijivunia sana kumwona vile. Bado najivunia.

Mtetemo niliuona mara ya kwanza tukienda Vikindu. Ukishaipita Kongowe, foleni inakwisha na barabara inafunguka, na hapo ndipo mama alipokuwa anajiruhusu kufika themanini. Siku hiyo mshale ulipogusa themanini, usukani ulianza kutetemeka. Haukuwa mtikisiko wa kutisha. Ulikuwa mdogo, wa haraka haraka, na mikono ya mama ilitetemeka pamoja nao. Akapunguza mwendo, ukatulia. Akaongeza, ukarudi. Akapunguza tena, akaongeza tena, kama nilivyomwona maisha yangu yote akirudia kupima presha pale asipokiamini kipimo cha kwanza.

“Umeona?” akaniuliza.

“Nimeona, mama.”

Tukaendelea kwa mwendo wa bajaji mpaka shambani.

Sasa nimlete kaka yangu, maana bila yeye mambo haya yangebaki ya gereji tu. Ni mkubwa kwangu, ndiye kifungua mimba, anaishi upande wa Kinondoni na ana moyo mzuri kupita kiasi. Anampenda mama kwa kumpunguzia. Akimkuta anafua, anamletea mashine. Akimkuta anapika, anaagiza chakula. Krismasi iliyokuwa imepita alimletea rimu za spoti, nne, zinazong'aa, akazifunga yeye mwenyewe na fundi wake, akasimama pembeni akipiga picha. Mama alizifuta kila Jumamosi kwa kitambaa laini. Kaka alifurahi mpaka akasahau kuaga.

Mwanawe alipopata kipaimara, tulikusanyika kwake. Mama aliletewa chai ndani ya kikombe chenye kisahani. Alipokinyanyua, kikombe kiligongagonga kisahani, ti ti ti ti, na sebule nzima ikageuka kuangalia televisheni ambayo ilikuwa imezimwa. Mama akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akasifia chai. Kaka yangu hakula tena siku ile.

Kesho yake alinipigia.

“Umeiona mikono ya mama?”

“Nimeiona. Ana miaka yake, kaka. Na chai ilikuwa ya moto.”

“Na hilo gari analolalamika kwamba linatetemeka? Nimeongea na fundi wake wa Kipawa. Kaliendesha, kafanya balansi ya magurudumu, kafanya alaimenti, gari zima. Sasa kama gari ni zima, kinachotetemeka ni nini?”

Nilitaka kumjibu kitu kikali, nami si mtu wa kukosa kitu kikali, lakini siku hiyo nilitafuta nikakosa. Nilimwambia tu asimseme mama kama mzigo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amelala akiota gari limepinduka Mbagala. Ndoto ile hata mie niliwahi kuiota.

Jioni tangazo likaingia kwenye grupu la familia: kikao, Jumapili ijayo, saa nane mchana, nyumbani kwa mama, ajenda ni usalama wa mama barabarani. Asiyetoka kwenye familia kama yetu anaweza kudhani kikao ni maongezi. Sivyo. Kikao kina mwenyekiti, naye ni baba mdogo. Kina sala ya kufungua na sala ya kufunga. Kila mtu anasema kwa zamu, mkubwa mpaka mdogo, na kinachokubaliwa hakirudiwi kuzungumzwa. Kwa kikao nyumba ya babu iliuzwa, kwa kikao dada wa baba alihamishwa kutoka Songea kuletwa mjini akiwa analia. Watu walianza kuandika “sawa”, “tupo pamoja”, “mama ni nguzo yetu”. Mama naye yumo kwenye grupu. Aliandika: “Nimeona. Chakula nitapika.”

Nilikwenda kwake siku iliyofuata nikitegemea kumkuta amevimba kwa hasira. Nilimkuta amefunga kanga kiunoni, amefungua boneti.

“Mpaka Jumapili,” alisema bila kuniangalia, “nataka nijue ninachokwenda kusema. Ukiingia kikaoni bila kujua unaumwa nini, watakupa dawa yoyote.”

Ndivyo tulivyoanza. Niliomba ruhusa kazini kwa uongo mdogo wa tumbo, nikawa naye kutwa, na sijawahi kumhusudu mtu kama nilivyomhusudu mama yangu siku zile. Hakulichukulia gari kama fundi. Alilichukulia kama mgonjwa wa wodini. Jirani mmoja alimwambia ni mpira wa usukani umekufa, mwingine akamwambia ni shokapu, yule wa duka la mkaa akaapa ni mkono wa mtu. Yeye alikataa kusikia jina la ugonjwa kabla ya kusikia dalili.

Kipawa, fundi wake alimpokea kwa heshima zote. Ni mtu mzima, mchangamfu, kofia imekolea oili.

“Shikamoo, bi mkubwa.”

“Marahaba, baba. Mgonjwa wako bado.”

“Mama, mie gari nimeiendesha mwenyewe mpaka kule relini, nikarudi. Haivaibreti hata kidogo. Labda barabara ya huko kwenu mashambani.”

“Uliendesha kwa spidi ngapi?”

Fundi akacheka. “Kwa matuta haya na bodaboda hizi? Arobaini, mama, tena hapo nimejitahidi.”

“Kwa hiyo mgonjwa anashikwa na homa jioni, wewe umempima asubuhi.”

Fundi akavua kofia. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Na moyoni nikawaza kwamba kumbe ushahidi wote wa kaka yangu ni wa mwendo wa arobaini.

Mama hakucheka. Alikuwa ameshaanza kumuuliza fundi, na maswali mengine akiyajibu mwenyewe. Linatetemeka ukikanyaga breki? Hapana, breki zikikanyagwa hakuna jipya, basi diski tuziache. Linavuta upande mmoja? Halivuti. Linatetemeka likiwa limesimama na injini inanguruma? Hapana, basi injini tuiache ipumzike. Linatetemeka kuanzia mwendo fulani, na likipungua linaacha. Fundi alikubali kwamba hapo ugonjwa uko kwenye vinavyozunguka. Wakaangalia matairi moja moja kama yana uvimbe. Wakakwangua udongo uliokauka ndani ya rimu, maana mvua za Kinyerezi hazina adabu na tope likiganda upande mmoja linaweza kutikisa gurudumu. Wakahamisha matairi, ya mbele yakaenda nyuma, ya nyuma yakaja mbele.

Tukaenda Kongowe kujaribu, mama akiendesha. Tukafika themanini. Usukani ukatetemeka vile vile.

Hapo nilianza kuona kitu ambacho sikutaka kukiona. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, naweza kunyoosha mkono nikaugusa usukani, nikajua. Ni usukani unaotikisa mikono, au ni mikono inayotikisa usukani? Kwa macho hutambui, vyote viwili vinakwenda pamoja. Sikunyoosha mkono. Na mama, ambaye alikuwa amepima kila kitu mpaka upepo wa tairi la akiba, hakuniambia nishike. Kipimo chepesi kuliko vyote, kile ambacho hata mtoto angeanza nacho, alikuwa anakiruka: kumpa mtu mwingine usukani katika barabara ile ile, kwa mwendo ule ule. Nilijua kwa nini. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Hakuwa anatafuta maneno ya kumshinda kaka. Alikuwa anaogopa.

Niliumia sana kulijua hilo. Nilimwangalia akigeuza gari kwenye kituo cha daladala, kwa utaratibu, akiwasha indiketa hata kama hakukuwa na gari nyuma, nikataka kumkumbatia. Badala yake nikalaumu foleni.

Tulipofika gereji alikaa kwenye benchi, akafumba macho. Fundi akadhani amechoka, akamletea soda.

“Nakumbuka historia,” mama akasema. “Ugonjwa ulianza lini? Mwezi wa kumi na moja nilikwenda Vikindu nimewabeba akina mama wa jumuiya, tukaimba njia nzima, gari imetulia. Mwaka mpya nikaenda peke yangu. Ilitetemeka.” Akafumbua macho. “Katikati hapo kumeingia nini kipya?”

Wote watatu tuliziangalia rimu za kaka yangu zikimeremeta juani.

“Hizo nilizifanyia balansi, mama,” fundi akasema taratibu. “Kwenye mashine zinakaa sawa kabisa.”

“Zitoe hata hivyo, baba.”

Akafungua nati, akalitoa gurudumu la mbele, kisha mama akamwambia alirudishe mahali pake lakini asikaze. Lilipokaa pale, mama akalisukuma kwa kiganja. Likacheza. Lilipwaya kama pete ya kuazima. Akainama, akaingiza ukucha wa kidole kidogo katikati, pale rimu inapopaswa kukumbatia habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, na ukucha ukaingia.

“Aisee,” fundi akasema.

Akatueleza, naye alikuwa muungwana kiasi cha kutojitetea. Rimu zile zilitengenezwa kwa gari lingine. Matundu ya nati yanalingana, kwa hiyo zinaingia bila tabu na zinapendeza, lakini tundu la katikati ni kubwa kuliko habu ya gari hili. Rimu haina kinachoishika katikati, inaning'inia kwenye nati peke yake, na ukikaza inakaa kando kidogo, unene wa ukucha. Ukienda polepole husikii. Ukikimbia, gurudumu linazunguka kama mtu anayechechemea. Mashine ya balansi inaibana rimu kwa katikati yake yenyewe, ndiyo maana haikuona kitu. Kuzihamisha mbele na nyuma hakukusaidia kwa sababu zote nne ni ndugu.

Mie nilishaanza kuruka. Nilikuwa nimeshatoa simu, nimeshafungua grupu, vidole vinaniwasha. Nilikuwa nimeshatunga na maneno: gari ni bovu kweli, na aliyeliharibu ni mwenye kuitisha kikao! Mama akanishika kifundo cha mkono.

“Rudisha simu mfukoni.”

“Mama, lakini kaka...”

“Kaka yako alininunulia kitu kizuri kwa hela zake na mapenzi yake. Hili litabaki kwenye gereji hii.” Akamgeukia fundi. “Umenisikia, baba?” Fundi akasema amesikia. Kisha akanigeukia mimi. “Na wewe mdomo wako naujua, lakini jaribu.”

Rimu za zamani, zile za chuma, zilikuwa nyuma ya nyumba zimekandamiza mabati ya banda la kuku. Tulizisugua kwa steli waya na sabuni, mama akiimba. Fundi akahamishia matairi, akafanya balansi upya. Gari likarudia sura yake ya uzee. Mama akalizunguka, akalipiga kofi dogo ubavuni.

Jumapili tulisali misa ya kwanza, tukatoka kanisani moja kwa moja kuelekea barabara ya Kilwa. Chakula cha kikao alikipika tangu jana yake, kilibaki kupashwa tu. Tulipita Temeke maduka yakiwa yamefungwa nusu, tukapita Mbagala, Kongowe ikabaki nyuma. Barabara ikafunguka. Mama akaongeza mwendo: sitini, sabini. Nilikuwa nimeshikilia kiti. Themanini.

“Mama! Limetulia!” nikapiga kelele. “Limetulia kabisa, mama!”

Akaangalia mbele, midomo ameibana. Akashikilia themanini pale pale kwa muda mrefu.

“Bado,” akasema.

“Bado wapi? Mie naona limetulia.”

“Kwa mbali. Kidogo sana. Naisikia.”

Nikaiangalia mikono yake juu ya usukani. Sikuona kitu, au niliona na nikajiambia sikuona. Akawasha indiketa, akaegesha kando mbele ya meza za wauza machungwa, akazima gari. Wauzaji wakaja na mafungu yao, akawasalimia, akawaambia kwamba leo hanunui. Kisha akashuka. Akazunguka mbele ya gari, akaja mlangoni kwangu, akaufungua.

“Toka,” akasema. “Kaa kule.”

Nilikaa kwenye kiti cha dereva cha mama yangu kwa mara ya kwanza maishani. Kilikuwa karibu mno na usukani, magoti yalinigonga, sikuthubutu kukisogeza. Yeye alifunga mkanda, akaweka mikono juu ya mapaja, kiganja kimoja juu ya kingine. Nikaondoka.

Nilikuwa naomba. Sijawahi kumwomba Mungu kitu cha kipumbavu kama kile: nilimwomba gari litetemeke. Sitini, nikasubiri. Sabini, nikasubiri. Nilipofika themanini nililegeza vidole ili hata mtikisiko wa sisimizi usinipite. Hakukuwa na kitu. Usukani ulilala mikononi mwangu umetulia tuli, kama umechomekwa ardhini.

“Unaisikia?” mama akauliza.

Ningeweza kusema kidogo. Neno moja tu. Kidogo, mama, kwa mbali. Tungerudi kwa fundi, kikao kingeahirishwa, angepata mwezi mwingine, miezi mingine ya kupita mtaani mgongo umenyooka. Hakuna ambaye angejua, na kaka ningemshinda. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini huyu mtu alikuwa ametoka kwenye kiti chake mwenyewe, akanifungulia mlango, akanikabidhi kipimo alichokuwa anakiogopa kuliko vyote. Alikuwa ameniuliza.

“Hapana, mama,” nikasema. “Sisikii kitu. Limetulia.”

Hakugeuka. Akanyoosha mkono wake wa kuume, akauweka juu ya usukani, karibu na wangu. Na hapo nikausikia. Ulikuja kutoka kwake, mdogo, wa haraka haraka, ukapita kwenye usukani ukafika kiganjani mwangu. Tulikwenda hivyo mpaka Vikindu inaonekana. Halafu akautoa mkono wake, akaurudisha mapajani.

“Basi,” akasema. “Gari imepona.”

Machozi yalinitoka nikiwa bado niko themanini. Mama akaniambia nipunguze mwendo, kwamba huwezi kulia na kuendesha kwa pamoja, nichague kimoja. Nikachagua kuendesha. Njia nzima ya kurudi alinikosoa: umechelewa breki, mbona unalifuata lori kwa karibu hivyo, tuta hilo hukuliona? Alinikosoa kwa sauti ile ile ya siku zote, nami nilishukuru kwa kila neno.

Saa nane watu walikuwa wamejaa sebuleni. Baba mdogo akafungua kwa sala ndefu iliyogusa wasafiri wote, wa angani na wa majini. Tulipokaa, kaka yangu akasimama. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu aendaye kwenye usaili, na niliona kwamba alikuwa ameyakariri maneno yake. Alianza na shukrani kwa malezi. Mama akainua mkono.

“Kaa, mwanangu. Nikusaidie.”

Akabaki ameketi kwenye kochi lake, akasema kama alivyokuwa akitoa taarifa ya zamu pale wauguzi wa asubuhi wanapowapokea wa usiku. Gari lilikuwa linaumwa kweli, fundi hakuuona ugonjwa, tumelitibu, limepona. Na yeye mikono yake inatetemeka. Amepima leo asubuhi, amehakikisha. Huenda ni uzee tu, huenda ni kitu chenye dawa, daktari atasema, na amekwishaamua atakwenda wiki hii. Mpaka daktari aseme, hatashika usukani. Uwezo wa kuendesha anao, alisema, lakini hawezi kumbeba mke wa mtu mwenye uchungu huku hana hakika na mikono yake.

Kikao kikakosa kazi. Kaka yangu, aliyekuja na hoja zake zote, alitoa leso akajifanya anafuta jasho, na leso ikakaa usoni muda mrefu kuliko jasho lolote. Alipoitoa aliuliza kitu cha ajabu, nadhani kwa kukosa cha kuuliza.

“Mama, nimeona hapo nje. Rimu zile umezitoa?”

Nikauma ulimi, kwelikweli.

“Nimezitunza,” mama akasema. “Zinapendeza mno. Utazifunga kwenye gari lako jipya ukinunua.”

Kaka akatabasamu na leso mkononi. Baba mdogo, akitafuta namna ya kukirudisha kikao mikononi mwake, akakohoa na kuuliza sasa nani atakuwa anamwendesha mama, kanisani, Vikindu, na kwa hao wazazi wa Gongo la Mboto. Kaka akasema hilo aachiwe yeye, atatafuta dereva mzuri, mtu mzima, mwenye cheti.

“Dereva ninaye,” mama akasema, akanionyesha kwa kidevu.

“Huyu?” Kaka yangu akasahau kilio chake. “Mama, huyu anaendesha kama anafukuzwa na nyuki!”

“Najua. Leo kanirusha kwenye matuta mpaka miwani ikanidondoka.” Akaivua hiyo miwani, akaifuta kwa pembe ya kanga, taratibu, mikono yake ikitetemeka mbele yetu sote bila kuificha. “Lakini nikimuuliza kitu, hanidanganyi.”